Kupanda Tash Rabat kwa Goti Jipya

Tangu niwekewe goti la chuma huko Saint Paul, Marekani, kila mtu alinishika mkono kama yai. Mimi ni nesi wa wazee. Nimeona watu wakilala kitandani kwa hofu na wasiamke tena. Nikaamua kwenda kutembea kipande cha njia ya kale ya hariri, ile iliyotoka China kwenda magharibi, niliyoipenda tangu somo la historia shuleni Kisii.

Majira yote ya baridi nilifanya mazoezi Maple Grove, nikizunguka ndani ya jengo la maduka. Binti yangu Nyaboke alikuwa akinidrop huko, amenuna.

“Mum, si uende tu cruise ya meli kama watu wengine?”

“Huko ni kukaa. Mimi nataka kutembea.”

Kutoka Bishkek, mji mkuu wa Kirgizia, gari lilipanda kusini hadi miti ikaisha, zikabaki nyasi na farasi. Jioni tukafika Tash Rabat, jengo la mawe ambamo misafara ya ngamia ililala zamani. Mwenyeji wangu Gulnara, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, alinilaza katika hema la sufu, akanipa chai ya maziwa yenye chumvi. Niliinywa yote.

Asubuhi tulianza kupanda kuelekea pengo la mlima ambako misafara ilivukia. Gulnara alivuta farasi. Tulipopita katikati ya njia, theluji ikaanza, pumzi zikanikatika, goti likavimba.

“Panda farasi, dada,” akasema.

“Nikifika juu.”

“Na ukishindwa?”

“Basi utanipandisha. Ila bado sijashindwa.”

Hakubishana. Alinitangulia, akanikinga upepo kwa mwili wake. Hatua chache, pumzi. Hatua chache, pumzi. Nililia, lakini miguu haikusimama.

Juu, mawingu yalifunguka. Ziwa la Chatyr-Kul lilikuwa chini yetu, na mbali, milima ya upande wa China.

“Ningependa kufika kule,” nikasema.

“Hata watu wa misafara, wengi hawakufika mwisho,” Gulnara akanijibu. “Mtu alibeba hariri kipande chake, akamkabidhi mwenzake, akarudi kwa watoto.”

Kushuka, nilipanda farasi bila ubishi.

Nyaboke alinipokea uwanja wa ndege wa Minneapolis. Aliutazama mwendo wangu, kisha uso wangu.

“So, hukufika China?”

“Sikufika.”

Nilikuwa nimejifunza kulisema neno hilo bila aibu. Nikabeba begi langu mwenyewe hadi kwenye gari.