Breki ya Chukudu Siku ya Mvua

Mimi ni mutu wa chukudu, na mvua siipendi. Kwa asiyeijua, chukudu ni kitu cha mbao chenye magurudumu mawili, hakina pedali wala mnyororo. Unapiga goti moja juu ya ubao, mguu wa pili unasukuma ardhi, na ukipata mteremko unasimama juu yake unajiachilia. Breki yake ni kipande cha tairi kilichopigiliwa misumari kwenye ubao, juu kidogo ya gurudumu la nyuma. Unakikanyaga, kinabana gurudumu, unasimama. Kikikataa, hakuna cha pili.

Marehemu baba, aliyenifundisha kazi hii, alikuwa na chukudu nzito ya mti wa mkaratusi, magurudumu yake mbao tupu. Ilipiga kelele hata wamama wa sokoni wakamkemea. Lakini inyeshe isinyeshe, ile kitu ilisimama. Mimi nilikuwa kijana wa kujionyesha. Alipokufa niliipasua nikaifanya kuni, nikajitengenezea yangu nyepesi, magurudumu nimeyavalisha mpira mpya, laini, unang'aa kama kiatu cha arusi. Haikulia hata kidogo. Siku ya jua niliigusa breki kwa ncha ya mguu tu, ikatii. Wenzangu wa mtaa wetu wa Mabanga walikuja kuizunguka na kuishikashika, kichwa changu kikavimba.

Kizuri hakikosi ila, na ila ya ile kitu ilikuwa maji. Mpira uliolowa juu ya mpira uliolowa ni sabuni. Nilijua, kila mutu wa chukudu anajua. Mvua ikianza unashuka, unachota mchanga mweusi wa volkano, unausugua kwenye gurudumu na kwenye breki, unaenda hatua kidogo, unasugua tena. Ni kazi ya kuchosha, na watu wote wanakupita wakikucheka. Mimi nilizoea kujibanza kwenye baraza ya mutu mpaka mvua ikatike. Siku za amani unaweza.

Kulikuwa na sheria nyingine, ambayo baba aliniingiza kwa makofi. Breki ikikataa, mwaga. Pindua chukudu upande wa mawe, mzigo uende, wewe ruka. "Usiangalie umebeba nini," alisema. "Makala ya jikoni inanunuliwa. Mutu hanunuliwi." Basi nimemwaga makala, haya makaa ya kupikia, nimemwaga viazi, nimemwaga kreti za bia za mutu mpaka tukashikana mashati. Mwili ulijifunza, sikuhitaji tena kufikiri.

Kisha ikaja vita. Vita gani? Huku kwetu lazima uulize hivyo kwanza. Wenye bunduki walikuwa wanashuka kutoka kaskazini, na kijiji kizima cha Kibati kikajaa barabarani, magodoro kichwani, mbuzi kwenye kamba. Mama alikuwa anaishi kule juu, miguu imemvimba, kutembea mbali hawezi. Niliondoka Mabanga asubuhi nikisukuma chukudu kupanda, wakati dunia nzima inateremka. Nilimkuta amekaa mlangoni, amevaa kitenge cha misa, rozari mkononi.

"Nilijua utakuja na hiyo kitu yako," alisema. "Inaniogopesha."

Nilicheka. Nilimkalisha juu ya gunia la maharagwe, nikamwambia ashike mbao ya mbele kwa mikono miwili, tukaanza kushuka.

Tulipofika Kanyaruchinya mvua ikatukuta. Hapo ndipo nilipopaswa kushuka nisugue mchanga. Lakini nyuma yetu risasi zilikuwa zinalia, si karibu sana, na watu wakaanza kukimbia. Mama akasema, "Mutoto yangu, usisimame." Sikusimama. Simlaumu hata kidogo. Breki ilikuwa kazi yangu, yeye angejuaje?

Mteremko ukatuchukua. Nikakanyaga breki, hakuna kitu. Nikahamishia uzito wote kwenye kile kipande cha tairi, gurudumu likaendelea kuzunguka chini ya kisigino changu. Nikapiga kelele, "Freni haiko, mutoke!" Wengi wakatoka. Mbele yetu, katikati kabisa ya barabara, alikuwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni na wawili pembeni, wote wamejifunika shitingi moja ya plastiki. Hawakusikia.

Nikamwaga.

Nilipindua upande wa mawe nikaruka, kama ninavyofanya siku zote. Niliposikia mutu analia kule kwenye mawe, ndipo nikakumbuka nilikuwa nimebeba nini. Naandika haya kwa hasira, hasira juu yangu mimi mwenyewe. Mama aliyenizaa, aliyeniambia anaogopa, na kwa ule muda kichwani mwangu alikuwa mzigo tu.

Nyonga ya mama ilivunjika. Yule mwanamke aliweka vitu vyake chini, akatusaidia kumbeba mpaka kwa dada yangu, Mabanga. Mama hakutembea tena. Alilala pale miezi mingi, anageuzwa asubuhi na jioni, na mimi niliketi kando yake kila siku. Siku moja aliniambia nifunge mlango.

"Pale uliponimwaga," akasema, "ulijua ni mimi niko juu?"

Ningemjibu nini? Kusema sikujua ni kumwambia nilimtupa kama nilivyotupa makala. Nikasema, "Nilijua, mama. Niliona wale batoto, nikaona sina njia ingine."

Nilingoja anilaani, na ningekubali.

"Basi ni vizuri," akasema. "Nilikuwa naogopa ulinisahau."

Tangu hapo uso wake ulitulia, chakula akaanza kukila, na kila mgeni alisimuliwa. Wamama wa shirika la parokia walipokuja kusali naye, alijiinua kwenye mto: "Mutoto yangu alinitoa sadaka mimi, mama yake, akaponya batoto ya batu. Nani kati yenu alizaa kama huyu?" Nao wakanishika mikono yote miwili. Mimi nilitoka nje nikatema mate. Mara ngapi nilikaa kando ya kitanda kile nikafungua kinywa nimwambie ukweli? Kila mara nikakifunga. Alikuwa amebakiwa na furaha moja tu, na furaha yenyewe ilikuwa uongo wangu.

Alikufa nayo. Kwenye matanga, kiongozi wa shirika alisimama akayasimulia yote mbele ya watu, tangu Kibati mpaka kwenye mawe. Yule mwanamke wa barabarani alikuwepo pia. Aliwasukuma watoto wake watatu waje kunishukuru, wakapiga magoti mbele yangu mmoja mmoja, mdogo wa mwisho akiwa ameshikwa mkono. Sikuweza kuwatazama. Niliinamisha kichwa, na watu wakanong'onezana kwamba hata kusifiwa sitaki.