Ethi ya Uongo Mountain View

Asubuhi ninayoikumbuka mimi, mwanangu, ni ile mjomba wangu Swaleh alipofungua sanduku lake la kazi, akatoa mita ya kupimia ethi, akampa Nafula. Si mimi, damu yake, niliyetoka naye Mombasa. Nafula! Msichana aliyekuja juzi tu kutoka Bungoma, hata mwaka hajamaliza.

Kazi yetu ilikuwa kufunga mitandao ya angani. Unasimamisha mlingoti juu ya paa, unafunga antena, unashusha kebo mpaka ndani ya nyumba. Na mlingoti wowote lazima uwe na ethi, yaani waya mnene wa shaba unaoshuka hadi kwenye chuma kilichopigiliwa ardhini, ili radi ikija ipate njia ya kuteremka bila kupita kwa watu. Mita ile ndiyo ilikuwa ikituambia kama waya umeshika udongo kweli. Mjomba hakumwachia mtu yeyote aiguse, mpaka asubuhi hiyo.

Waswahili husema hasidi hana sababu. Mimi nilikuwa nazo tele. Wateja walipiga simu dukani kwetu pale katikati ya jiji wakimtaka "yule msichana". Kebo zake zilinyooka ukutani, nami nilikuwa nikizikagua kutafuta kasoro, nisiione, nikazidi kuchukia. Hata kicheko chake kilinikera. Akichimba shimo la ethi, akamwaga maji, akapiga chuma mpaka kizame chote, mimi humwuliza mbele ya wenye nyumba, "Nafula, unapanda mihogo?"

"Wacha nipande, fundi," hunijibu. "Kitu yangu ikishika, imeshika."

Siku moja mjomba akatugawia kazi, Nafula aende Hurlingham, mimi Mountain View. Nikaapa kwamba nitarudi dukani kabla yake. Nikasimamisha mlingoti, nikafunga antena, ikabaki ethi. Uwanja ulikuwa umesakafiwa wote. Kupata udongo ningelazimika kwenda nyuma ya nyumba nikachimbe, halafu niombe mita. Nimwombe Nafula mita ya mjomba wangu? Heri nilale na njaa. Nikaufunga waya kwenye bomba la chuma la tangi la maji, pale pale juu ya paa. Na niliona, mwanangu, sitakudanganya. Bomba lile, hatua chache chini, lilikuwa limeungwa na la plastiki, kwa hiyo waya wangu haukufika popote. Lakini kwa macho ulipendeza, na nilirudi wa kwanza, nikaagiza chai na mahamri nikamngoja aingie.

Masika yalipoanza, mtandao wa nyumba ile ukawa unakatika. Mwenye nyumba, mama mmoja mpole, akapiga simu. Alimtaka nani? Nafula. Mjomba akaniuliza mbele ya mafundi wote, "Mpwa wangu, ethi ya kule iko sawa?"

"Iko sawa, mjomba."

Nafula alikuwa tayari mlangoni. Akageuka. "Ulipima na nini? Mita si iko kwa bag yangu?"

"Niliazima kwa rafiki," nikasema.

"Sawa basi. Nimekuamini, fundi." Akaenda zake.

Adhuhuri wingu likafunga upande wa Kangemi. Nililiona nikiwa kwenye ngazi za duka, nikasikia na ngurumo. Nikatoa simu, nikalitafuta jina lake, nikalipata. Maneno mawili yangetosha: usiguse kebo. Lakini nikawaza jinsi atakavyomweleza mjomba, jinsi mafundi watakavyonicheka, jinsi yeye atakavyozidi kung'aa. Nikairudisha simu mfukoni. Huko ndiko wivu ulikonifikisha, mwanangu, kuona afadhali mwenzangu apatwe kuliko mimi niaibike.

Nafula hakupanda paa. Alisikia ngurumo akabaki ndani, akaenda kuichomoa kebo ili kompyuta ya mama yule isiungue. Radi ikapiga mlingoti. Haikupata njia ya ardhini, ikaifuata kebo mpaka mkononi mwake.

Nilimkuta hospitali, mkono wa kulia umefungwa wote. Akaniuliza, "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Si ungenipigia tu," akasema. "Hata ungeniflash, ningekupigia."

Nikalia mbele ya wauguzi, mtu mzima na ndevu zangu. Mjomba akanitoa nje. Hakufoka. "Mita nilimpa anayeogopa kukosea," akaniambia. "Wewe unaogopa kuaibika tu."

Nafula alipona, lakini vidole viwili havikukunjika tena. Akajifunza kukata kebo kwa mkono wa kushoto. Leo yeye ndiye anayewafundisha mafundi chipukizi, nami nikiziona kebo zake bado roho inaniuma kidogo, maana zimenyooka kuliko zangu. Alinisamehe kabla sijamwomba. Mimi kwa tabia yangu nisingemsamehe, nakuambia kweli. Hata hilo alinishinda.

Basi sikiliza, mwanangu, wewe unayebeba ngazi asubuhi. Chimba mpaka upate udongo wenye unyevu, hata kama mwenye nyumba anakuharakisha. Waya wa mlingoti uunge na ethi ya umeme wa nyumba, na kebo uiwekee kizuia radi kabla haijaingia ndani. Bomba usiliamini. Pima, na mita kama iko kwa mtu usiyempenda, mwombe. Ngurumo ikilia shuka, na kebo usiiguse mpaka mbingu itulie. Na kama kuna paa uliloacha na kasoro, sema leo, kabla mwenzako hajaenda kwa kuamini neno lako. Mficha maradhi kifo humfichua, na mara nyingine kifo chenyewe hukosea nyumba kikamwendea asiye na kosa.

Mola akulinde juu ya mapaa ya watu, akupe wenzako wanaokuzidi na moyo wa kuwapenda, na akunyime kabisa kurudi wa kwanza nilivyorudi mimi.