Mkono wa Wilfred Pumphrey

Wilfred Pumphrey alikuwa na usingizi wa pono, na bahati mbaya alizaliwa katika dini inayosali kimya. Marafiki, wale ambao watu wa nje huwaita Wakweka, hukaa vitini wametulia mpaka mmoja asukumwe moyoni kusema. Sasa mtie mzee katika kimya kama hicho, ameshiba chakula cha mchana, uone kama hatakoroma.

Klabu yao ilikuwa London, mtaa wa Bloomsbury. Waliianzisha vijana waliorudi kutoka vita vya kwanza vya dunia, ambamo walikataa kushika bunduki wakaenda kubeba majeruhi kwa magari. Wilfred alikuwa mmoja wa madereva. Walikuwa wamezoea kula pamoja kule Ufaransa, wakaona hawawezi kuachana. Wakapanga nyumba, wakaweka meza moja ndefu na sharti moja: ukishuka kunywa chai asubuhi, kaa karibu na mtu, si mbali naye. Pombe marufuku. Wanawake waliingia tangu siku ya kwanza, na klabu za mabwana wakubwa zikawacheka. Vita vya pili bomu likavunja madirisha yote, wakanywa chai wamevaa makoti.

Mkewe Agnes alipofariki, Wilfred akahamia chumba cha juu. Hakuwa na mtoto wala kwao kwingine. Ile meza ndiyo iliyomtoa kitandani, maana pale palikuwa na mtu wa kumwuliza amelalaje.

Basi mkataba wa nyumba ukakaribia kwisha, wanachama nao wamezeeka, kamati ikataka klabu ifungwe. Marafiki hawapigi kura. Karani, ndiye anayeongoza kikao, akiona wote wamekuwa nia moja huandika azimio, hulisoma palepale, na likikubaliwa limepita. Mmoja akikataa, jambo husubiri. Lakini kusubiri si kupona. Mkataba ungekwisha wenyewe. Hata hivyo Wilfred alikusudia kusimama kikaoni kukataa, na maneno alikuwa nayo tayari. Karani, Dorothea Tuke, akaomba watulie kidogo kabla hajasoma, na Wilfred, masikini, akasinzia.

Alipozinduka hakusikia hata kikohozi. Kikao cha Marafiki hufungwa kwa wazee wawili walioteuliwa kupeana mikono, na Wilfred alikuwa mmoja wao. Akadhani wanamngoja yeye. Akamgeukia Olive Gillett, mzee mwenzake aliyekaa kando yake, akampa mkono. Olive akaupokea. Mara chumba kizima kinapeana mikono, na azimio bado liko kwa Dorothea, halijasomwa. Kikao kimefungwa hivyo, mpaka mwezi ujao.

Lo! Mwezi mzima walimtazama kama nabii. Wakanong'ona kwamba Roho ndiye aliyeunyosha mkono ule. Wilfred akinyamaza tu, klabu imepona. Nani atabishana na Roho? Lakini Rafiki hasemi uongo, wala haachi mwingine auseme kwa niaba yake. Chai ikawa haimshuki. Siku ya kikao akasimama.

"Nilikuwa nimelala," akasema. "Hakuna aliyenituma. Someni azimio lenu. Ila mimi silikubali, na sababu yangu si ya dini. Asubuhi sina pengine pa kushuka."

Wengine walicheka, kisha wakaona haya. Wilfred akaketi akijua ameiua klabu kwa mdomo wake mwenyewe. Ndipo Olive akasimama, bibi mkavu asiyejua kubembeleza mtu.

"Huyu alilala, tena alikoroma," akasema. "Mimi nilikuwa macho. Nilijua azimio halijasomwa, na mkono wake ningeweza kuukataa. Nikaupokea kwa sababu nilitaka kusema hapana, nikaogopa."

Mtu nyuma akasema hata yeye alikuwa macho. Akafuata mwingine, na mwingine. Kumbe aliyelala siku ile ni Wilfred peke yake. Dorothea akalikunja azimio la zamani, akaandika jipya: itafutwe nyumba nyingine, hata ndogo, mradi meza ienee.

Ilipatikana, kwa taabu, na meza ikaingizwa kupitia dirishani. Asubuhi ya kwanza Wilfred alishuka akakuta viti vitupu tele. Akaketi kando ya Olive, akamwuliza amelalaje.

"Vibaya," Olive akasema, akimsogezea birika. "Na ufundi wa kulala unao wewe, mzee, siyo mimi."