Programu Isiyosahau Neno

Nichekeni tu, nimestahili. Ofisi yetu ya Garissa ilikuwa na kompyuta tatu kubwa za mfumo wa Unix, nami fundi mgeni mjini nikaambiwa nichague programu ya kuzisimamia zote kwa skrini moja, kupitia nyaya za konsoli, zinazopitisha maandishi ya kila mashine. Nikaiacha ile rahisi, nikachagua inayohifadhi kila neno linaloandikwa, ili mashine ikigoma tujue kulikoni. Wiki nzima nikaijaribu kwa kuandika lolote lililonijia kichwani.

Siku ya kuionyesha, mkuu wetu Bi Halima, mwenye uamuzi juu ya kandarasi yangu, alinijia na glasi ya maziwa ya ngamia wa mama yake, kama kila asubuhi.

“Kunywa, walaal, ndugu yangu. Na hii programu inaweka kila neno?”

“Kila neno, Bi Halima! Hata nukta!”

Kwa mbwembwe nikabonyeza kitufe cha kuchapa yaliyohifadhiwa. Printa ikalia, Bi Halima akachana karatasi, akasoma kwa sauti mbele ya ofisi nzima: “Maziwa ya Bi Halima yananiendesha tumbo. Leo pia nimeyamwaga dirishani.”

Akaenda dirishani, akautazama mwarobaini uliokuwa chini yake, ulionawiri kuliko miti yote mtaani.

“Kumbe ni wewe unanyonyesha hii mti!”