Fundi Saa na Moyo wa Mkewe

Mtaani walimwita Sekunde, na si kwa sababu alitengeneza saa tu. Mafundi saa wapo wengi. Huyu alimhesabia mkewe kila sekunde ya njiani. Mwanamke akikawia kidogo kutoka kazini, Sekunde aliweka bisibisi chini, akasimama mlangoni mwa kibanda chake kule juu kilimani, shingo imerefuka kama ya bata.

“Leo nani kamchelewesha?” jirani yake, mama muuza viatu, alimchokoza.

“Mama, uza viatu vyako.”

“Nauza. Na wewe uza wivu wako, una shehena nzima humo ndani.”

Hakucheka. Mwenye wivu hana sikio la mzaha.

Mkewe alikuwa mshonaji katika chumba cha cherehani kule chini bondeni. Zamani alirudi mapema, tena akiimba. Sasa alirudi amechelewa, jasho usoni, pumzi juu juu kama aliyekimbizwa. Tena alianza kulalia mito mitatu, ameelekea dirishani, akisema akilala chali anahisi kama anazama. Sekunde aliliona dirisha, akaanza kujiuliza nani hupita huko nje. Kuzama hakukusikia.

Jumapili moja mchana, wakiwa wamejinyoosha, aliweka sikio kifuani pa mkewe. Sikio lile ndilo lililomlisha. Saa ikiruka pigo moja, alijua. Alisikia moyo unakwenda, unaruka, unatimua mbio, na baina ya mapigo mngurumo mzito wa chini, kama pikipiki iliyo mbali. Saa njema haiendi hivi, alijiambia. Huu ni moyo wenye siri.

“Ni nani?” aliuliza.

“Nani nani?”

“Huyo anayeukimbiza moyo wako.”

Mkewe alimtazama, akavuta shuka hadi kidevuni, akageukia ukuta. Basi Sekunde akaona kesi imekwisha. Mahakama ya wivu ndiyo ilivyo: ukijitetea unadanganya, ukinyamaza umekiri.

Kesho yake alifunga kibanda mapema, akashuka kumvizia, kisha akamfuata kwa mbali. Mkewe alipanda kidogo, akasimama, akajifanya anatazama vitambaa dirishani mwa duka. Akapanda tena, akainama kurekebisha kiatu kisicho na kasoro. Katikati ya kilima aliingia barazani kwa mpiga picha, kijana mseja, mrefu, anayenukia vizuri kuanzia ng’ambo ya barabara. Kijana alitoka na kigoda na glasi ya maji, bila kuulizwa, kama anayempokea mgeni wa kila siku.

Sekunde alitokeza kama jiwe la manati. “Nimewakamata!”

“Umetukamata na maji, kaka?” Mpiga picha alimwangalia juu hadi chini. “Dada huyu kilima kinamshinda. Kila jioni anapumzika hapa. Wewe ndiye mumewe? Samahani, nilidhani ni mjane.”

Sekunde alimgeukia mkewe. Mkewe aliketi, mkono kifuani, akingoja pumzi imrudie.

“Mbona hukuniambia?” mume aliuliza.

“Uliweka sikio, ukauliza ni nani. Hukuuliza ni nini.”

Juma lile lile walikwenda hospitali. Daktari alikuwa kijana naye, na alipoweka kipimo cha kusikilizia moyo chini ya titi la kushoto, Sekunde alisaga meno. Ndiyo, hata baada ya aibu ile. Wivu hauna haya. Ungekuwa nayo, ungekufa siku ya kwanza.

Daktari aliwachorea. Moyo una vyumba vinne, alisema, viwili juu na viwili chini, na kati ya cha juu na cha chini kuna mlango, yaani vali, unaofungukia upande mmoja tu. Wapo wanaozaliwa na tundu katika ukuta wa kati. “Wewe, dada, hukuzaliwa na kasoro. Uliwahi kuugua koo utotoni, ukakaa bila dawa?”

“Mara nyingi.”

“Maradhi yalianzia huko. Vali ya kushoto imekakamaa, kingo zimegandana. Damu inapanga foleni nyuma yake hadi mapafuni, ndiyo maana ukilala unazama. Tutapitisha puto dogo kwenye mshipa wa paja, tuifungue.”

“Nani atapitisha?” Sekunde alidakia.

“Mimi.”

Mkewe alimgeukia. “Mume wangu, bila hivyo nitakufa. Kama una neno, lifie hapa hapa.”

Alilimeza. Lilimkwaruza koo, lakini alilimeza.

Mkewe alipona. Akawa anapanda kilima kwa mwendo mmoja, salamu tu kwa mpiga picha. Jioni moja alikuja kibandani na kipande cha kitambaa cheupe.

“Namshonea yule kaka shati. Alinipa pa kuketi wakati sina pumzi.”

Uso wa Sekunde ulibadilika. “Na vipimo? Utampima wewe?”

“La.” Mkewe alimwekea futikamba mkononi. “Utampima wewe.”

Akaenda. Alimzungushia kijana yule futikamba kifuani, pua karibu na manukato yake, akakuta kifua ni kipana kuliko chake, tena kwa mbali. Njiani kurudi alitamani sana kupunguza inchi mbili, shati limbane hadi vifungo viruke.

“Ngapi?” mkewe aliuliza, chaki mkononi.

Sekunde alishusha pumzi, akamtajia kipimo kama kilivyokuwa.