Kinu Katikati ya Ramani

Jirani anatwanga sombe, na harufu ile mbichi ya majani ya muhogo imenirudisha darasani Bwera, mpakani na Kongo, siku mwalimu alipotuambia tuchore ramani ya nyumbani.

Mimi nilianza na kinu cha bibi. Nilikichora kikubwa kuliko kanisa, kimeukalia mto, kwa sababu njia zote nilizozijua ziliishia pale. Shangazi zangu walivuka kutoka upande wa Kongo kuja kutwanga hapo, kwa zamu na majirani zetu.

Mwalimu aliitazama. "Na mpaka iko wapi?"

"Kwetu hakuna, mwalimu."

Akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari kufuata mto. Mstari ukapita katikati ya kinu.

Jioni nilimwonyesha bibi. Hakujua kusoma, lakini aliweka kidole chake, kijani kwa sombe, juu ya ule wekundu. "Nani amepasua kinu yangu?"

Kesho yake nilipeleka ramani mpya. Kinu kiliujaza ukurasa mzima, na mto niliutia ndani yake.

"Futa," mwalimu akasema.

Nilimnyooshea kiganja achape, kikiwa bado kinanuka sombe.