Bafta ya Mwisho Haiuzwi

Wateja wangu wengi sikuwahi kuwaona sura. Nilikuwa na duka dogo la vitambaa Kilwa Masoko, na simu zilipoanza kushika huku kwetu nikaanza kuuza kwa ujumbe: mtu anaagiza akiwa Mchinga au Kipatimu, mimi nakata, nafunga, nampa konda. Kufuatilia mizigo nilikuwa na njia yangu. Nilipigilia misumari ukutani, kila mji na wake. Kila nikikata oda nachana kipande chembamba cha kitambaa kilekile, nakitundika kwenye msumari wa huko kinakokwenda. Mteja akinipigia kusema "umefika", ndipo nakitoa. Kipande kikichelewa kutoka, usingizi sipati.

Mama mkwe wangu, aliyeishi nasi chumba cha nyuma ya duka, aliicheka misumari yangu. Yeye alikuwa na kanuni moja tu ya stoo: bafta ya mwisho haiuzwi. Rafu zote zinaweza kubaki tupu, lakini bafta nyeupe ya sanda ya kumtosha mtu mmoja lazima iwepo, kwa sababu kifo hakipigi hodi na maiti hangoji lori.

Masika yale barabara ya Dar ilikatika. Maduka yote ya Masoko yakaishiwa. Mimi nilibakiwa na ile bafta tu, na ndipo mama mmoja wa Kipatimu akapanda kilimani kutafuta mtandao, akaniandikia kwamba binti yake anapokea komunio ya kwanza Jumapili na hana gauni. Nilitaka kumjibu kwamba haipo. Mama mkwe akauliza nanunia nini kwenye simu, nikamsomea.

"Mpelekee," akasema.

"Mama, si wewe uliyesema haiuzwi?"

"Nimesema. Lakini lori wanasema linavuka kesho. Mtoto wa watu aende kwa Mungu wake na sare ya shule?"

Nilikata kwa hasira, nikatundika kipande cheupe kwenye msumari wa Kipatimu, nikampa konda mzigo.

Lori halikuvuka. Kesho yake asubuhi kijana wa jirani akasimama mbele ya meza yangu, viatu vimejaa tope. Mama yake, aliyetuuzia vitumbua kila siku, alikuwa amefariki alfajiri. Kijana alishamaliza kuzunguka maduka yote.

"Nimeambiwa kwenu bafta haikosekani, dada. Tunazika baada ya adhuhuri."

Nikampigia konda, akasema mzigo aliukabidhi jana ileile Nangurukuru, kwenye gari la Kipatimu. Nikampigia mteja, hapatikani. Nikapiga tena, na tena, macho kwenye kile kipande cheupe. Maji yakimwagika hayazoleki.

"Basi tutafua shuka zake," kijana akasema kwa sauti ndogo. Nje mvua ilikuwa inanyesha, na sote tulijua hakuna shuka itakayokauka.

Nikamgeukia mama mkwe. "Unaona sasa?" Nilimwambia hivyo mbele ya mgeni, jambo ambalo mkwe hafanyi.

Yeye aliingia chumbani, nikasikia kufuli la sanduku. Alirudi na furushi lililofungwa kwa kanga kuukuu, linanukia udi. Nililijua. Ilikuwa sanda yake mwenyewe, aliyoletewa na kaka yake kutoka Makka, na kila mwaka kabla ya Ramadhani aliitoa akaianika juani.

"Chukua, mwanangu. Mimi na mama yako kimo chetu kimoja."

"Mama, lakini hii ni yako."

"Ni ya maiti. Mimi ni maiti?"

Kijana alipoondoka, mama mkwe akakaa kwenye kigoda, akatazama mvua. "Haya," akasema, "mpaka barabara ifunguke sina ruhusa ya kufa."

Nilicheka, kisha nikaogopa. Tangu hapo kila akikohoa nilisimama mlangoni kwake. Nilimkataza kutoka nje kwenye mvua, naye akaniambia nimekuwa askari. Mteja wa Kipatimu alipopanda tena kilimani akanipigia kwamba umefika na binti alipendeza, nilikitoa kipande chake bila furaha.

Siku lori lilipovuka, sikumuuzia mtu chochote kabla ya kukata fungu la bafta la mama mkwe. Nikampigilia msumari wake peke yake, nikatundika kipande. Alipokwisha kulifungia fungu sandukuni, nikanyoosha mkono nikitoe.

Akanishika. "Nani amekwambia umefika? Kiache. Nitakwambia mwenyewe."

Kilikaa pale miaka mingi, kikawa rangi ya vumbi. Asubuhi aliyofariki, bafta ilikuwa tele Masoko nzima. Nilifungua sanduku, nikawapa waoshaji fungu lake. Kisha nikaenda dukani, nikasimama mbele ya msumari, simu mkononi kwa mazoea, na nikakitoa bila kuambiwa.